Nyuso Ishirini na Moja za Kuazima

Walisema sitaweza kuifikisha kompyuta Kamina ikiwa nzima. Nilipoifikisha, walisema haitawaka. Ilipowaka, alikuja Papa Numbi, mzee aliyekuwa amepiga picha za kila harusi na kila kilio mjini tangu kabla sijazaliwa. Alisimama mlangoni mwangu, akaitazama muda mrefu kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua, kisha akasema kwamba mashine iko sawa, ila mimi ndiye sitaijua.

Naandika haya nikiwa nimestaafu, baada ya kuijua mashine hiyo yeye akiwa hai na kuendelea kuijua baada ya yeye kufa. Nyinyi vijana mliobaki na studio yangu mnahariri picha kwa kidole, kwenye simu, huku mkila. Mnaniuliza nilianzaje. Habari za kupandishwa cheo sina, maana sikuwa na bosi, na nisingekubali kuwa naye. Nitawaeleza ile picha ya kwaya, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu watu wengine bado wanaisimulia vibaya.

Kwanza mjue nilikotoka. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mwenye kinyundo cha kugonga magurudumu. Mimi nilivuka mpaka na mfuko mmoja, nikauza soksi Kitwe, nikajilipia mwenyewe shule ya kuhariri picha kwa kompyuta. Miezi tisa. Nilitoka na diploma, wa tatu darasani, na tulikuwa zaidi ya watatu. Nilirudi na kompyuta iliyotumika, skana, na mashine ya kuchapa yenye rangi, vyote nimevifunga ndani ya godoro. Kutoka Lubumbashi nilisafiri kwa treni siku nne nikiwa nimelikalia godoro hilo, na yeyote aliyetaka kulilalia nilimwambia lina mgonjwa. Mjini wakanipa jina Diplome. Walidhani wananicheka. Niliandika jina hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Vita ya pili ya nchini kwetu ilikuwa imeanza. Umeme wa mjini ulikuja ulipojisikia, na mji ulikuwa umejaa askari. Nilianza kwa picha ndogo za vitambulisho, maana wakati wa vita kila mtu anataka karatasi yenye uso wake.

Siku ya kwanza ya kazi ya kweli alikuja Mama Kapinga. Alikuwa mama wa Kikasai aliyeolewa na mwalimu wa kwetu, na ndiyo sababu alibaki Kamina miaka ile ndugu zake, watu wa Kasai, walipofukuzwa wakaondoka kwa treni. Alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya Kimethodisti tangu ujana wake. Kwaya hiyo ilikuwa na watu ishirini na mmoja. Wengi waliondoka na yale mabehewa, wengine walikufa, wengine hawajulikani. Jumapili walibaki watatu, wakiimba sauti nne. Haikuwahi kupigwa picha ikiwa kamili, kwa kuwa kila mwaka walisema mwaka ujao.

Aliniwekea mezani bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha ishirini na moja.

"Minyi nataka bote basimame pamoja," alisema, kwa Kiswahili cha huku kwetu, ambamo mimi ni minyi na ndiyo ni njo. "Mara moja tu. Utaweza?"

Nilimwonyesha ukutani ilipo diploma.

"Ile nimeiona. Ninakuuliza weye."

Nilisema naweza. Ndipo akanieleza bahasha ile ni nini. Wale walioondoka waliruhusiwa kubeba kile tu ambacho behewa lilikubali. Vilivyobaki waliwaachia majirani: cherehani, sufuria, viti, na picha. Mama Kapinga alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba mwezi mzima akiziazima kwa jina lake. Kwa watu wengi ilikuwa picha moja tu, hakuna nyingine duniani. Hata ya uso wake mwenyewe aliiazima kwa jirani; ya nyumbani kwake ilikuwa moja tu, ya mdogo wake Meta, sauti ya kwanza, iliyokatwa kwenye kitambulisho cha zamani, na nusu ya muhuri bado iko begani. Meta alikufa palepale stesheni, akingoja treni. Mama Kapinga aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akaniambia kwamba picha moja ikipotea, itakuwa yeye aliyeipoteza.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Picha kwenye ile programu ya kuhariri hujengwa kwa tabaka, kama vipande vya kioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kila mtu nilimpa tabaka lake, na pembeni mwa skrini mlikuwa na orodha ya tabaka zote, kila moja na jina. Kilicho juu kwenye orodha husimama mbele, kilicho chini husimama nyuma. Mimi nilipanga kama mtu yeyote aliyelelewa Kamina angepanga: mchungaji marehemu juu kabisa, chini yake wazee wa kanisa, kisha wanaume kwa umri, kisha wamama, na mabinti wa sauti ya kwanza chini. Mwalimu wangu wa Kitwe angeshangaa. Lakini mwalimu wangu wa Kitwe hakuwa na mchungaji wa kumweka chini ya binti.

Nilifanya kazi siku kumi na moja. Picha nyingine zilikuwa nyeusi na nyeupe, nyingine zimekuwa njano, mbili zimeliwa na mende. Nilisafisha kila uso peke yake kabla ya kuupeleka kusimama na wenzake, na wote nikawapa kanzu nyeupe ya kwaya niliyoipata kwenye picha ya mzee mmoja na kuirudia mara ishirini. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kilichokosekana ni umeme wa kumalizia. Ndipo akaingia Majoro.

Majoro alikuwa mkubwa wa askari waliokuwa karibu na mtaa wetu, mtu wa mbali, na alikuwa na jenereta. Sajenti wake alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akaona kwaya kwenye skrini, akamweleza. Kesho yake Majoro alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu, akawatazama wale watu ishirini na mmoja mpaka wa mwisho. Baadaye aliniambia alikuwa ameimba besi utotoni, katika kanisa la baba yake. Akasema nitapata jenereta kila siku saa nne asubuhi mpaka saa sita.

"Na minyi unaniweka ndani," alisema.

Nilikimbia kwa Mama Kapinga nikidhani atakataa. Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua.

"Besi tulikuwa na mbili tu," akasema. "Akae."

Majoro alitoa kwenye pochi picha yake akiwa na sare, iliyopauka sana. Nikamweka tabaka la juu kabisa, juu hata ya mchungaji. Mchungaji alikuwa amekufa, Majoro alikuwa na bunduki.

Hapo ningeweza kurekebisha picha yake pembeni kama nilivyowafanyia wengine. Lakini Majoro alitaka kujiona katikati ya kwaya wakati anabadilishwa, na kila siku alikuja na wazo jipya. Programu za siku zile zilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja tu. Kwa hiyo nilitumia njia ya kisomi: tabaka la marekebisho. Hilo halina mtu ndani. Ni kama kioo cha rangi unachokilaza juu. Hakiharibu kitu, na ukichoka nacho unakiondoa.

Asubuhi ya kwanza alisema uso wake ni mweusi mno. Nililaza mwangaza juu yake, nikauongeza. Majoro akang'aa. Nikatazama nyuma yake: kwaya nzima ilikuwa inang'aa kama imekwisha kufika mbinguni, na mchungaji alikuwa ametoweka isipokuwa miwani.

Nikaondoa. Majoro akasema turudie polepole. Tulirudia polepole, na mchungaji alitoweka polepole.

Kioo cha rangi kikiwa juu, kila aliye chini yake anapata rangi ile. Jambo hilo nililijua kwa maneno tangu Kitwe. Sasa nilikuwa nimeweka mkubwa juu ya wote, kwa heshima, na kila nililomfanyia mkubwa liliwaangukia wote.

Dawa ya haraka ilikuwa rahisi: nimshushe Majoro chini kabisa ya orodha, kioo chake juu yake, na wengine juu ya kioo. Nilianza kumburuta. Kosa langu ni kwamba siku ya kwanza nilikuwa nimemweleza orodha ile ni nini, kwa fahari, jina baada ya jina.

Aliweka kidole kwenye skrini. "Hapa chini yangu iko nani?"

"Hakuna, Majoro. Ukuta wa kanisa."

"Na juu yangu?"

Alisoma mwenyewe.

"Meta. Soprano." Akanitazama. "Unaniweka chini ya mutoto wa soprano."

Nilimwambia ni kwa ajili ya rangi tu. Akasema hata jeshini kila kitu huanza na rangi tu. Nikamrudisha juu.

Siku ya tatu alitaka sare yake iwe kijani cha kweli, kama siku alipopewa. Nililaza kioo cha kijani, naye akawa ananisimamia, kidole chake kwenye skrini juu ya bega lake mwenyewe: ongeza, ongeza, simama. Mimi nilitazama bega. Yeye alitazama bega. Saa sita ilikuwa inakaribia, akaamuru nichape. Mashine ilichapa kwa nusu saa, na mwishowe jenereta ikazimika na Majoro akaondoka. Aliniagiza nimpelekee picha.

Ndipo nikaitazama karatasi. Kanzu ishirini na moja nyeupe zilikuwa kijani cha jeshi. Wamama wa sauti ya pili walikuwa kijani. Mchungaji alikuwa kijani, amekaa mbele kama kamanda.

Kabla sijaificha, Sajenti aliingia kuchukua pipa la mafuta. Sajenti alikuwa mtu wa daftari. Aliichukua picha, akahesabu.

"Peloto hii iko ya wapi?"

Nikasema si kikosi, ni kwaya. Akauliza wanashika nini mikononi. Nikasema vitabu vya nyimbo. Akaandika. Akaweka kidole juu ya mchungaji.

"Huyu?"

"Alikufa."

Akaandika. "Huyu?"

"Alienda Kasai."

"Na ruhusa ya nani?"

"Na treni," nikasema.

Akaandika: mtoro. Tukaenda hivyo mtu kwa mtu. Nilijaribu kumweleza mambo ya tabaka na kioo cha rangi, na kila nilichosema alikiandika. Mwisho wa ukurasa alikuwa na watoro kumi na mmoja, marehemu sita, wamama wawili na mzee mmoja waliokuwa bado wanaimba, na mtu mmoja asiyejulikana. Akaona bahasha ya kaki mezani, akatazama ndani, akazikuta nyuso zilezile. Akasema huo ni ushahidi. Akaondoka na bahasha, na mafuta akasahau.

Hapo nilikaa chini. Diploma ilikuwa ukutani, na picha pekee za watu ishirini na mmoja zilikuwa kwenye kabati la askari wakati wa vita, pamoja na orodha ya majina yao.

Nilikwenda kwa Majoro nikiwa nimevaa tai. Alicheka mpaka akavua kofia, na nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Sajenti alikuwa amefungua jalada na kulipiga muhuri, na nakala imekwisha kutumwa kwa wakubwa. Jalada lililofunguliwa, alisema Majoro, halifungwi kwa maneno.

"Inafungwa na nini, Majoro?"

"Na picha. Lete picha ileile, muntu moja tu akuwe kijani. Minyi. Bengine bakuwe vile balikuwa. Pale minaandika: kosa ya mashine. Unachukua bahasha yako."

Akaniambia pia kwamba kikosi chake kinahama wiki ijayo, na kabati litahama nacho.

Nilirudi kwa Mama Kapinga kumweleza. Sikutaka, lakini wenye picha walikuwa wameanza kumwuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Nilibaambia bantu, huyu mutoto amesoma," alisema. "Usinifanye muongo."

Sasa, nyinyi vijana, mtu mwenye diploma anapokwama ana njia mbili. Ya kwanza ni kujifanya hajakwama, na niliifuata siku mbili. Ya pili ilikuwa kwenda kwa Papa Numbi. Nilikwenda kwa baiskeli, polepole.

Alikuwa kwenye kile chumba chake cha giza, ambacho hakikuwa tena na dawa za kusafishia picha. Alikuwa anakitumia kuhifadhi mahindi. Nilimweleza kila kitu. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliingia nyuma ya magunia, akatoka na kijiti cha waya wa fagio chenye kikartoni cha mviringo mwishoni, ukubwa wa sarafu.

Akanieleza kwamba zamani, alipokuwa anaangazia picha ya harusi, daima kulikuwa na shangazi mmoja mweusi kuliko wengine. Mwanga wa mashine ulianguka juu ya wote. Kwa hiyo alikuwa na vikartoni vya kila umbo, anavichezesha juu ya karatasi, anamfunika huyu, anamwacha yule.

"Mwanga iko moja," alisema. "Kazi njo kufunika. Weye unafunikaka na nini?"

Nikasema sifuniki na kitu.

"Balikufundisha nini kule?"

"Vitu vingi, papa."

"Hata kama iko mashine, kikartoni haiwezi kukosa. Enda ukaitafute."

Alinipa kile kijiti. Nilikibeba mpaka nyumbani, nikatoa madaftari yangu ya Kitwe. Niliyasoma yote matatu. Katika la pili, katikati, nilikuta kichwa cha habari kwa maandishi yangu mazuri, kimepigwa mstari mara mbili: Kuzuia Marekebisho Kwenye Tabaka Moja. Chini yake nusu ukurasa mtupu. Siku ile nilikuwa mpakani kugongesha pasipoti, na niliacha nafasi ili nije kunakili kwa mwenzangu. Sikunakili. Diploma haiandiki siku ulizokosa.

Lakini kichwa kilinitosha. Kama kina kichwa, kitu kipo. Kesho yake, saa nne, jenereta ilipowaka, nilianza na ile orodha. Nilishika kitufe kimoja kimoja cha kibodi, na kila kitufe nikapitisha mshale kila mahali, juu ya majina, pembeni ya majina, kama anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Mara mbili mashine iliganda nikaanza upya. Saa tano ilikuwa imekwisha kupita, nimeshika kile kitufe cha kushoto cha kibodi kilichoandikwa Alt, nikapitisha mshale kwenye mstari mwembamba ulio kati ya kioo cha kijani na tabaka la Majoro. Mshale ukageuka kuwa viduara viwili vilivyolaliana. Nikabofya.

Mstari ukawa wa nukta nukta. Kioo cha kijani kikasogea ndani kidogo kwenye orodha, kikakaa juu ya jina la Majoro kama mtoto anayepakatwa. Na kwenye picha, kanzu ishirini na moja zikarudi nyeupe kwa mara moja, uso wa mchungaji ukarudia rangi yake, na mtu mmoja tu akabaki kijani.

Nilitoka nje nikaupigia mtaa mzima kelele. Hakuna aliyeelewa. Nikarudi ndani nikachapa kabla ya saa sita.

Kesho yake, jenereta ilipowaka, Majoro alikuja na Sajenti. Sajenti alihesabu: mmoja. Akahesabu tena kutoka upande mwingine. Akaandika kosa la mashine, akasaini, akapiga muhuri nyuma ya picha. Kisha akaniwekea mezani ile bahasha ya kaki.

Lakini Majoro hakusimama. Alikuwa anatazama skrini. Alitazama kama ile siku ya kwanza.

"Sasa minaonekana mugeni," alisema.

Ilikuwa kweli. Katikati ya nyuso zile zilizochoka, zilizopauka, yeye alikuwa anang'aa kama kopo jipya. Aliniuliza kama ile rangi inaweza kutoka. Nilibofya alama ya jicho iliyo pembeni ya kile kioo. Kijani kikatoka, kwake peke yake, akabaki na sare yake ya kufuliwa na kuanikwa, amepauka kama wenzake wa besi.

"Hii unaichapa ya mama yangu," akasema.

Nilimchapia. Hakuja kuichukua mwenyewe. Kikosi kilihama, na Sajenti ndiye aliyepita, akatia sahihi ya kupokea kwenye daftari lake mwenyewe. Kwaya pia iliichagua hiyo ya pili, ndiyo iliyotundikwa kanisani. Majoro yumo bado, mbele, na watoto wa shule ya Jumapili wanafikiri alikuwa mtunza fedha.

Kesho yake baada ya kurudishiwa bahasha, nilitoa baiskeli mapema nikafunga bahasha kifuani ndani ya shati. Nilikwenda kwa kila aliyeniazima uso, nyumba kumi na sita, kutoka mtaa wa reli mpaka nyuma ya soko. Kila mahali nilitoa picha, nikangoja mwenye nyumba aitazame mbele na nyuma. Mzee mmoja aliinusa. Mama mmoja alisema hii si yenyewe, akaenda nayo juani, akarudi akasema ndiyo yenyewe. Kwa Papa Numbi hapakuwa na picha ya kurudisha, lakini nilipita, nikamrudishia kikartoni. Alikikataa. Akauliza kama nilikipata cha mashine. Nikasema nilikipata. Akasema, "Basi umeijua," akarudi kwenye mahindi yake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Kapinga. Bahasha ilikuwa imebaki na picha moja, ile yenye nusu ya muhuri begani. Nikampa kwa mikono miwili. Alifuta vidole kwenye kitenge kabla ya kuipokea.

"Ile kijani ilimufikia?"

"Ilimfikia kwenye karatasi, mama. Hapo haikumfikia."

"Na ule mwangaza?"

"Huo haukufika hata kwenye karatasi."

Aliigeuza, akaiangalia nyuma, akaigeuza tena. Alimtazama Meta muda mrefu, kwa karibu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akaiingiza katikati ya kitabu chake cha nyimbo na kukifunga.

"Njo yeye," alisema.